Rosta isiwanyang'anye wauguzi wa ICU masaa yao

Mhariri,

Asalaam aleikum, na pole na kazi. Naomba nafasi kwa gazeti letu nisemee jambo ambalo limenikaa rohoni mwaka mzima sasa. Mimi ni muuguzi hapa Malindi, huu ni mwaka wa 11 kazini, na sikuja kulalamikia mshahara wala mgomo, hayo yana watu wao wanaoyasemea kila siku. Mimi nataka kusemea rosta. Ile karatasi inayobandikwa ukutani kila mwezi, inayosema nani yuko wodi gani, nani yuko naiti, nani yuko ofu.

Ombi langu ni moja tu. Muuguzi aliyeanza kujifunza kazi ya wagonjwa mahututi aachwe hapohapo ICU, wodi ya mahututi, au HDU, ya wale wanaowafuata kwa uzito, mpaka aive, asing'olewe baada ya miezi 3 akapelekwa kliniki ya chanjo au wodi ya wajawazito eti ni zamu yake kuzunguka. Na yule aliyekwenda KMTC, chuo cha serikali cha afya, akasomea ile diploma ya juu ya uuguzi wa mahututi, akirudi arudishwe kwa hao mahututi aliowasomea.

Wacha niwape kisa mtanielewa. Hospitali sitaitaja, ni ya huku huku Pwani na nilikuwa kwa shifti mwenyewe.

Ilikuwa naiti, mwaka jana. Mimi nilikuwa wodi ya wanaume na ICU iko hatua chache tu kutoka pale. Ndani kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyegongwa barabara ya Mombasa, siku ya pili yuko kwa ventileta, ile mashine ya kumpumulia mgonjwa. Aliyekuwa akimuangalia ni muuguzi mwenzetu, mvulana mzuri sana wa kazi, ila alikuwa ametolewa wodi ya wajawazito wiki ile ile. Kuzalisha anajua kuliko mimi. Ventileta alikuwa ameoneshwa mara moja tu, mchana, kwa haraka.

Saa tisa usiku namuona aja mbio, kanda mbili mguuni moja imebaki nyuma. "Sista, oksijeni yashuka!" Nkaenda. Monita ilikuwa 97 alivyoniambia, nafika ni 84, twaangaliana ni 71, na ile mashine yalia kama imechinjwa. Mimi nilikuwa nishawahi kukaa ICU miezi 5 alafu nkatolewa, kwahivo nilikuwa najua kidogo, na kwa kazi hii kujua kidogo kunatisha kwa sababu unajua kuna kitu chafaa kufanywa na hukikumbuki ni kipi.

Tukampigia simu dada yetu mmoja ambaye ameisomea hii kazi, ana cheti chake, na wakati ule alikuwa amepangwa kliniki ya watoto. Alikuwa amelala kwake. Mlio wa tatu akashika. Akasema weka spika, tukailaza simu juu ya mto, kando ya sikio la mgonjwa, na yule dada akatuongoza na sauti yake imejaa usingizi lakini maneno yamenyooka. Kwanza mtoeni kwa mashine, mpumulisheni kwa mkono. Tukachukua ambu bag, ule mfuko wa kupumulisha kwa mkono, tukaanza kukamua. Akauliza, mkono wasikia mwepesi au mzito? Mzito, nkamwambia, kama wakamua mpira wa miguu. Basi si mashine, akasema, ingekuwa mashine hapo ingelainika. Sikiza kifua pande zote mbili. Nkasikiza, hewa yaingia pande zote lakini kidogo sana, sawasawa kulia na kushoto. Angalia mpira wa kupumulia ulio kooni, umetoka mahali pake? Haujatoka, alama ya kwenye meno ni ile ile iliyoandikwa kwa faili. Basi umeziba, pitisha katheta, kile kimrija cha kunyonya ute. Mwenzangu akapitisha, ikakwama, akasukuma pole pole ikapita, na kilichotoka ni ute mzito wa rangi ya utomvu wa mkorosho, kipande kizima. Tukakamua tena na mkono ukawa mwepesi. 80. 88. 95.

Yule kijana alitoka hospitali na miguu yake, alhamdulillahi. Lakini mimi usiku ule sikuacha kufikiri, na mpaka leo nafikiri, je simu ingekuwa imezimwa chaji? Mtu anayejua yale maswali manne, mpira umetoka, umeziba, kifua kimepasuka ndani hewa ikavuja, au ni mashine, mtu ambaye serikali na yeye mwenyewe wamegharamia ayajue, asubuhi ile saa mbili alikuwa kliniki akitia matone ya polio. Na chanjo ni kazi kubwa, mimi nimeifanya na nikiambiwa nirudi nitarudi, watoto wetu wako hai kwa sababu yake. Lakini wauguzi wanaoweza kutoa chanjo tuko wengi. Wanaoweza kujibu ile simu kwa hospitali nzima walikuwa wawili.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika wiki hii. Kuna shogangu mmoja tulisoma pamoja KMTC, sahivi yuko Houston, Marekani, na mwezi ujao anakalia mtihani wao wa uuguzi wa mahututi unaoitwa CCRN. Unasimamiwa na chama cha wauguzi wa mahututi cha kule, AACN, kilichoanzishwa 1969. Ni maswali 150 kwa masaa 3, lakini yanayohesabiwa ni 125, hayo mengine 25 wanayajaribisha tu na wewe hujui ni yapi kwahivo yote wayajibu kama ya kweli. Asilimia 80 ni mambo ya mgonjwa mwenyewe, moyo, mapafu, figo, ubongo, damu iliyoingia sumu ya maambukizi, na iliyobaki ni maadili na jinsi ya kumtunza mtu na jamaa zake. Ukipita, cheti ni cha miaka 3, ikiisha lazima uonyeshe bado waifanya kazi na bado wasoma, la sivyo hurudishiwi.

Huyu shoga yangu kila akisoma hunitumia voisi kwa WhatsApp, na mimi nkawa nawasikilizisha wenzangu, ndo tukaanza kukaa pamoja. Tuko watano. Kila Alhamisi baada ya isha, kwangu, mkeka chini, chai na mahamri, na yule mwenzetu wa sita yuko Lamu anaingia kwa simu mpaka mtandao ukatike. Hatusomei CCRN sisi, ule wataka uwe na leseni ya kule. Wawili wetu wanataka kuomba nafasi ya diploma ya juu hapa Kenya, mmoja ana mipango ya kusafiri hatumfichi wala hatumlaumu, na sisi wengine twasoma kwa sababu ya ile naiti niliyowaeleza. Lakini mwili wa binadamu ni mmoja, Houston na Malindi, na yale maswali yake yatufaa vilevile.

Juzi alileta hili. Mwanamume wa miaka 58, ana sukari, ameletwa amechanganyikiwa, apumua kwa kasi na kwa kina, pumzi yanuka kama matunda yaliyoiva sana. Sukari ni 31. Daktari ameandika dripu ya insulini. Majibu ya maabara yarudi, potasiamu ni 2.9. Muuguzi afanye nini kwanza?

Wanne wetu tukasema papo hapo, anza insulini. Sukari 31 jamani! Mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Yule mdogo wetu, ana miaka 3 tu kazini, akanyamaza, akashika hamri yake hali, alafu akauliza, "Dada, mbona wametuwekea hiyo potasiamu?" Tukarudi kusoma. Na jibu lilikuwa pale. Insulini ikiingia huisukuma potasiamu kutoka kwa damu iingie ndani ya seli, sasa kama iko chini hivo na wewe waisukuma tena, moyo wapoteza mdundo na mgonjwa anakufa mikononi mwako na sukari yake ikishuka vizuri. Insulini yazuiliwa kwanza, maji ya dripu yaendelea, potasiamu yarudishwa, wampigia daktari simu wamwambia, alafu ndo insulini. Palikuwa kimya pale mkekani. Kila mtu nadhani alikuwa ahesabu wagonjwa wake, maana sukari hapa mjini hakuna ukoo usioijua. (Maabara ya usiku ni barua nyingine, nitaiandika siku yake.)

Kwahivo kusoma twasoma. Vitabu viko, simu ziko, hamu iko. Kinachokosekana hakipatikani kwa simu, ni masaa kando ya kitanda. Na hapa ndo shoga yangu alinifungua macho. Kule hata hawakuruhusu kuukalia ule mtihani mpaka uwe umewahudumia mahututi wewe mwenyewe kwa mikono yako masaa 1,750 ndani ya miaka 2, na 875 kati ya hayo yawe ya mwaka wa mwisho. Kuna na njia ya masaa 2,000 kwa miaka 5 kwa wanaofanya kidogo kidogo. Na lazima utaje mtu wa kazini anayeweza kukushuhudia kwamba ni kweli uliyafanya. Yale 1,750 ukigawanya kwa shifti ya masaa 12 ni kama shifti 146. Hawakuchagua hesabu hiyo kwa kuwatesa watu, wanajua mkono haujifunzi kwa kusomewa. Sauti ya ventileta inayodai ute na ile inayodai mpira umechomoka ni mbili tofauti, na sikio lataka miezi kuzitenganisha.

Nkakaa nkapiga hesabu yangu. Rosta zangu za miaka 2 ninazo zote kwa simu, huzipiga picha. ICU miezi 5, wodi ya wajawazito miezi 6, wagonjwa wa nje miezi 7, HDU miezi 2, zingine nilikuwa wodi ya wanaume na likizo. Masaa ya mahututi hayakufika 1,200, na yamekatwa vipande, kila nikirudi naanza upya kujikumbusha kitufe kiko wapi. Na mimi ndo mmoja wa waliobahatika. Yule mvulana wa naiti ile sahivi wamemtoa tena.

Wakubwa wetu wana jibu lao na mimi naliheshimu kwa sababu si la uongo. Matroni wetu aliniambia kwa upole kabisa, mwanangu, wauguzi ni wachache, nikimfunga mmoja ICU siku akiugua mwengine nitamtoa wapi, lazima kila mtu ajue kila mahali. Namuelewa. Yeye ndo anayepigiwa simu saa kumi na moja alfajiri kuambiwa fulani hakuja. Lakini mama yangu, kwa heshima, kumzungusha kila mtu kila mahali hakujatupa watu wanaojua kila mahali, kumetupa watu wanaojua mwanzo wa kila mahali. Mshika mbili moja humponyoka, na ICU kinachoponyoka ni pumzi ya mtu. Wacha wengi wazunguke, mimi sipingi, mwanafunzi na muuguzi mpya lazima azunguke. Lakini wanne au watano kwa hospitali, walioonyesha kwamba hii ndo kazi wanaitaka, waachwe miaka 2. Hao ndo watakaowafundisha wengine wakija zamu zao fupi, badala ya mgeni kumfundisha mgeni.

Kuna wanaosema pia, ukimfundisha atakimbia aende Ulaya au Marekani. Wengine huenda kweli. Lakini yule wa Houston nilimuuliza, kwa nini uliondoka, nkidhani ataniambia dola. Akaniambia alirudi kutoka kusoma na cheti chake, kwa hamu, wakampanga dirisha la kuandikisha wagonjwa miezi 8. Kila siku akipita mlango wa ICU akisikia alarmu yalia na hakuna anayeinuka haraka. Asema siku aliyojaza fomu za kwenda nje alikuwa ametoka kuisikia hivo.

Na haya si mambo ya ukuta wa hospitali tu. Fikirieni mgonjwa wetu anapopelekwa Mombasa, Makadara, ile hospitali kuu ya Pwani. Ni kama kilomita 120, na kwenye ambulensi kule nyuma anayekaa naye ni muuguzi, mara nyingi yule aliyekuwa kwa shifti tu. Silinda yenye lita 680, mgonjwa avuta lita 10 kwa dakika, hiyo ni dakika 68 pekee. Umepita Kilifi, Mtwapa hujaiona, na oksijeni imeisha. Aliyezoea mahututi huipiga hiyo hesabu kabla gari haijawashwa na atadai silinda ya pili hata dereva akasirike. Asiyezoea ataangalia mshale uko kwa kijani aone sawa.

Wa Lamu ndo hata usiseme. Mwenzetu wa kule atusimulia, mgonjwa ateremshwa gatini aingizwe boti mpaka Mokowe, hapo ndo barabara ianze, Witu, Garsen, Malindi, alafu ndo Mombasa, zaidi ya kilomita 300, na muuguzi mmoja na begi lake. Kusi ikivuma boti yaruka na yeye ashikilia mpira wa mgonjwa kwa mkono mmoja na dripu kwa mkono mwengine. Huyo ndo aliyetakiwa awe amekaa ICU miaka 2 mfululizo kabla ya mtu yeyote!

Nakumbuka Machi 2020 korona ilipoingia Kenya, kila kijiwe watu walijifunza neno ventileta. Tuliuliza ziko ngapi, zitaletwa lini, kaunti gani imepata. Wachache sana waliuliza nani atasimama kando yake saa tisa usiku. Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, kwahivo wa kuulizwa tunawajua na wako karibu, twasalimiana nao sokoni na msikitini na kanisani.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Kiongozi wa wodi anunue kaunta buku moja, kila muuguzi wa ICU na HDU aandike masaa yake kila shifti na mkubwa wake atie sahihi, ili siku ya kuomba nafasi ya masomo au siku ya kupanga rosta ionekane nani ana masaa 200 na nani ana 1,500. Aliye karibu kukamilisha asihamishwe. Anayekalia mtihani asipangwe naiti siku ya kuamkia mtihani wake, hilo limewahi kumpata mwenzetu na alikwenda pale macho mekundu. Na waliorudi na vyeti wapangwe walikosomea, hata kama ni wawili.

Yule mdogo wetu wa potasiamu sahivi yuko ICU, mwezi wa nne huu. Ameshajua kunyonya ute bila kumuumiza mgonjwa, na wiki iliyopita alisikia alarmu akiwa amegeuka akasema "huyo wa tatu bomba imejaa maji" kabla hajaangalia, na ilikuwa kweli. Ana masaa kama 600 hivi, tulihesabu pamoja. Rosta mpya itabandikwa tarehe 25. Namuomba matroni jina lake aliache pale lilipo.

Muuguzi,
Malindi